Altaneta Tatu za Gari la Kituo

Ka-ka-ka-ka-ka. Niliisikia sauti hiyo kabla sijaona gari, kabla sijaona mtu, kabla hata sijajua kwamba nyuma ya ukuta ule wa mabati kulikuwa na garaji. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, vumbi jekundu likinipanda miguuni, diploma yangu ya umeme imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Sauti ilikuwa kavu na ya haraka, kama meno ya mtu aliyeshikwa na baridi. Ikanyamaza. Ikaanza tena, dhaifu zaidi. Kisha mwanaume mmoja akasema kwa uchovu, "Acha, acha. Unaitesa bure. Hiyo iko na njaa."

Nikauzunguka ukuta nikaingia.

Aliyesema alikuwa Muzee Kasiano, mwenye garaji, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo baadaye niligundua haivui hata juani. Alinitazama, akautazama mfuko wangu.

"Mama, mikate leo hatununui. Tulishakula."

"Sikuleta mikate. Niko natafuta kazi."

"Kazi gani?"

"Ya umeme."

Mafundi wawili waliokuwa wamelala chini ya lori wakacheka. Mmoja akasema, "Umeme ya pasi?" Mwingine akasema, "Muzee, umupe aanze na shati yako." Muzee Kasiano hakucheka. Aligonga kapo, boneti ya gari, kwa kidole.

"Hii sauti umesikia. Ni ya nini?"

Nikamjibu nilivyojua. Nikasema umeme uliobaki kwenye batri unatosha kuvuta swichi ya demarere, ile mota ya kuamsha injini, lakini hautoshi kuizungusha mota yenyewe. Swichi ikivuta, umeme unaanguka, inaachia. Ikiachia, umeme unapanda kidogo, inavuta tena. Ndiyo maana inagongagonga.

"Bien," akasema. "Na nani alikula umeme?"

Sikujua.

"Basi kuya kesho. Kazi yetu ni kutafuta mulaji."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Ninyi vijana wa garaji mlionizoea kama Mama Masi, mwenye kiti cha mbao na redio, mnadhani nilizaliwa pale. Nilikuwa nimesoma nyaya za nyumba. Lakini Bunia ya wakati ule ilikuwa na nguzo za umeme nyingi kuliko umeme wenyewe, na mtu anayetaka kufunga taa katika mji wa namna hiyo anajifunza subira badala ya ufundi. Gari ni tofauti. Gari linatengeneza umeme wake lenyewe, linauweka akiba, linautumia. Nilipoelewa hilo, nililipenda gari kama mtu anavyompenda jirani asiyekuja kuomba chumvi.

Siku za kwanza Muzee hakuniruhusu kushika kitu chochote kinachozunguka. Alinipa taa yake ya kupimia: balbu ndogo ya klinyota, ile taa ya kuonyesha kona, iliyounganishwa na nyaya mbili, mwishoni mwa waya mmoja sindano ya cherehani. Unachoma sindano kwenye waya, unagusisha mwingine kwenye chuma, balbu inakuambia kama kuna umeme. Nimekuwa na vipimo vingi tangu hapo, vyenye namba na vioo, lakini taa ile ilinifundisha kuuona umeme kama kitu chenye tabia. Balbu inayowaka kwa aibu siyo sawa na balbu inayowaka kwa nguvu.

Alinifundisha pia mpangilio, na huu nawaachia kama ulivyo. Gari likija halichaji, usikimbilie altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini kutengeneza umeme. Anza na mkanda: ubonyeze kwa kidole gumba, uone kama umelegea, usikilize kama unalia asubuhi. Kisha kosi, vile vibano vinavyoshika vichwa vya batri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, mwaga maji ya moto, sugua, kaza. Kisha masi, yaani waya unaorudisha umeme kutoka kwenye chuma cha gari hadi kwenye batri. Mafundi wengi wanafuata umeme unapokwenda na kusahau kwamba lazima urudi. Mimi nilianza kila kazi kwa kuuliza masi iko wapi, na jina likanishika. Ukishamaliza hayo ndipo unapima: gari limezima, batri nzima inaonyesha volti kumi na mbili na nusu hivi, injini ikizunguka, inapanda hadi kumi na nne, katorze kama tunavyosema garajini. Ikibaki kumi na mbili, hakuna kinachochaji. Ikifika kumi na sita, batri inachemka kama sufuria na wewe rudi nyuma.

Kesi ya kwanza niliyoimaliza mwenyewe ilikuwa lori la maharage kutoka Mahagi. Batri mpya, mkanda mpya, altaneta imeshabadilishwa njiani, na bado halichaji. Mwenyewe alikuwa dereva mnene mwenye sauti ya kanisani.

"Mama, gari hii wameiroga."

"Nani?"

"Watu ya wivu. Ni wengi."

Nilipozungusha ufunguo wa gari, taa zote za tablo, mbele ya usukani, ziliwaka isipokuwa moja: ile nyekundu yenye picha ya batri. Nikamuuliza taa iko wapi.

"Niliitoa. Ilikuwa inawaka-waka, abiria wanaogopa. Mama mumoja alishuka na mbuzi yake kabisa."

Sasa, ninyi mnajua, au mtajua leo: katika magari mengi ya zamani, umeme kidogo unaopita kwenye taa hiyo ndio unaoiamsha altaneta. Ukitoa balbu, altaneta inazunguka kama mtu aliyelala akitembea. Nikaweka balbu kama ile, lori likachaji hapo hapo. Dereva akaangalia, akakuna shingo.

"Kwa hiyo mulozi ni miye?"

"Ni weye na mbuzi."

Ikaja miaka ya risasi. Sitaiandika hapa, wengine wameiishi vibaya kuliko mimi. Nitasema tu yale ya garaji. Watu waliokuwa bado na magari walitoa batri kila jioni na kulala nayo chini ya kitanda, kwa sababu gari bila batri halivutii mtu kuliiba, na batri ndani ya nyumba ingewasha taa moja kwa watoto. Asubuhi waliirudisha. Kosi zikafunguliwa na kufungwa kila siku mpaka zikalegea, watu wakazijaza karatasi ya fedha ya sigara ili zikaze. Nilitoa karatasi za namna hiyo kwa miaka. Kuna mwanamke mmoja aliyekuwa na kosi iliyokazwa kwa medali ya ubatizo. Hiyo sikuitoa mpaka nilipomtafutia kosi mpya.

Na kati ya mambo yote niliyochukua kwa Muzee Kasiano, lipo moja ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Muzee alipenda kumaliza kazi kwa onyesho. Akishafunga kila kitu, alimwita mteja karibu. Aliwasha injini, akawasha taa kubwa za mbele, kisha akachukua spana namba kumi, akalegeza kosi ya batri, akaunyanyua waya juu kabisa, hewani, injini ikiwa inazunguka. Taa ziliendelea kuwaka. "Unaona?" alisema. "Batri haiko, na taa iko. Gari inajilisha yenyewe." Mteja alipiga makofi. Lilikuwa jambo zuri kulitazama, ule waya hewani na taa zikiangaza ukuta wa mabati. Muzee alipozeeka akaenda kuishi kwa binti yake, mjini Komanda, aliniachia taa ya kupimia, benchi, na onyesho hilo. Nikaliendeleza. Nilikuwa hodari kuliko yeye. Nilikuwa nautoa waya kwa mkono mmoja, huku nikimtazama mteja usoni.

Papa Deo alikuja kwangu mara ya kwanza akilisukuma gari pamoja na manesi wawili waliovaa mavazi ya kazi. Alikuwa dereva wa kituo cha afya upande wa kwenda Nizi, akiendesha gari aina ya jipu, la dizeli, linalobeba chanjo kwenda na wajawazito kurudi. Yeye na mke wake walikuwa wamekimbia Djugu na watoto watano, wakapanga vyumba viwili mjini, na kazi ile ya usukani ndiyo iliyowatoa kwenye kambi ya wakimbizi. Alilizungumzia gari kama mtu wa nyumbani. "Leo hataki," alisema. "Jana alikuwa muzuri."

Tatizo lilikuwa masi, imefungwa juu ya rangi badala ya chuma kitupu. Nikasugua, nikakaza, nikaitoa altaneta kuisafisha, nikaifunga tena, nikawasha. Kisha nikawaita wote watatu, nikawasha taa, nikautoa waya. Taa zikabaki. Manesi wakashangilia, na Papa Deo akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Baada ya wiki tatu akarudi. Taa nyekundu. Altaneta imekufa. Kituo kikanunua nyingine, iliyotumika, iliyotoka Uganda. Nikaifunga, nikaonyesha, wakapiga makofi. Ikakaa miezi miwili. Ya tatu ilikuwa mpya, ndani ya boksi, na plastiki yake bado inanuka. Nikaifunga. Nikaonyesha. Kabla ya mwezi kwisha, jipu ilizimika ndani ya shimo la matope njiani, mvua inanyesha, mama mjamzito yuko nyuma, na haikuwaka tena. Mama yule alijifungulia humo humo, nesi akiwa amepiga magoti kati ya viti, Papa Deo amesimama nje akishikilia turubai mlangoni ili maji yasiingie. Mtoto na mama walipona. Lakini habari ilifika mjini kabla yao.

Msimamizi wa kituo, ambaye kila mtu alimwita Jestionere, aliniita. Nilimkuta uwanjani, manesi wote wamesimama barazani, Papa Deo pembeni ya jipu yake, suruali imekauka matope hadi magotini.

"Mama Masi," Jestionere akasema, "weye ni fundi tangu zamani. Altaneta tatu, mwaka moja. Ni kawaida?"

"Hapana. Si kawaida."

"Na kama mutu anatoa ile nzima, anaiuzisha, anaweka ya kufa?"

Nilipaswa kusema kwamba sijafungua hata moja kuangalia. Zilikuwa zote kwangu, kwenye sanduku chini ya benchi, zimejaa grisi. Nilikuwa nazibadilisha na kuzitupa humo. Lakini manesi walikuwa wananitazama, na mtu anayeitwa fundi tangu zamani anapenda kuwa na jibu.

"Inawezekana," nikasema.

Papa Deo akanigeukia. "Mama. Ni weye mwenyewe ulizifunga. Sasa unanifanya mwizi?"

"Mimi ninajibu swali la umeme tu."

Hilo ndilo nililosema. Nimejaribu kulikumbuka kwa namna nyingine, haliji. Aliweka ufunguo wa gari mkononi mwa Jestionere, mbele ya watu wote, akatoka kwa miguu.

Nilimwona tena baada ya majuma kadhaa, akiwa juu ya lori la mchanga na koleo. Aliniona. Hakunisalimu, na Bunia mtu asipokusalimu anakuwa ameshasema mengi.

Kilichofuata kililetwa na mwalimu mmoja mwenye gari dogo na mizaha mingi. Batri yake ilikuwa imechoka tu. Nikamfungia nyingine, na nikataka kumfurahisha kwa onyesho. Siku hiyo kipimo changu kipya cha namba, alichoniletea binti yangu, kilikuwa bado kimebanwa kwenye nguzo ya altaneta, pale umeme unapotokea, na kwenye chuma cha gari. Nilikuwa nimekisahau. Nikawasha taa, nikautoa waya, nikamtazama mwalimu usoni kama kawaida yangu, lakini yeye alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama kipimo.

"Mama, hii namba inakimbia wapi?"

Nikageuka. Katorze haikuwepo. Nikaona thelathini na nane, nikaona hamsini na kitu, kisha taa za mbele zikawa nyeupe mno, moja ikapasuka kwa mlio mdogo.

"Noeli imefika mapema," mwalimu akasema.

Nikazima gari. Nilipowasha tena, taa nyekundu ya batri iliwaka na haikuzimika. Altaneta iliyokuwa nzima dakika moja kabla ilikuwa imekufa, na hakuna aliyeigusa ila mimi.

Nilimwambia mwalimu akae kwenye kiti changu. Nikaifungua. Ndani ya altaneta kuna diodi, vitu vidogo vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Bila hizo, umeme wa altaneta haufai kwa batri. Nikazipima moja moja. Zilikuwa zimeungua. Sasa nielewane nanyi, kwa maana hili ndilo somo lote: batri siyo pipa tu la kuweka umeme. Inaituliza altaneta, inameza kila mrusho wake. Altaneta inapofanya kazi kwa nguvu, ukautoa waya ghafla, umeme uliokuwa ukienda kwenye batri hauna pa kwenda. Unapanda, na unachoma kilicho laini zaidi. Dinamo za ujana wa Muzee Kasiano, zilizotangulia altaneta, zilikuwa vyuma vizito visivyo na diodi. Kwake onyesho lile liliua balbu mara moja moja, basi. Alikuwa amenifundisha kweli ya vyombo vyake. Vyombo vilibadilika, mkono wangu haukubadilika.

Na ningepaswa kujua. Kwa miaka altaneta zilikuwa zikifa baada ya kupita kwangu, si zote, na si siku hiyo hiyo. Nyingine ziliumia tu, zikamalizikia njiani. Nilizilaumu barabara, mvua, Waganda, viwanda vya mbali, na vitu vya siku hizi kwa jumla.

Nikalivuta sanduku chini ya benchi. Nikaziosha kwa petroli altaneta tatu za kituo. Mimi nina desturi ya kukwaruza herufi F, ya Furaha, jina langu, chini ya kila altaneta ninayoifunga au kuifungua. Ilikuwepo kwenye ya kwanza. Ilikuwepo kwenye ile ya Uganda. Ilikuwepo kwenye ile mpya. Makaa ya ndani, vile vipande vinavyolika kwa kusuguana, bado marefu, feni nzima, diodi zote nyeusi. Hakuna kilichotolewa, hakuna kilichobadilishwa. Papa Deo alikuwa amerudisha kila mara kitu kile kile nilichompa.

"Mama, unalia?" mwalimu akauliza.

"Ni petroli."

Wateja wengine waliniacha baadaye, nalisema sasa ili tulimalize. Wengine walibaki, na niliwalipa altaneta kadhaa kwa fedha yangu bila maneno mengi. Nilifanya kazi karibu miaka miwili zaidi bila kuutoa waya huo hata mara moja, kisha macho yakaniambia inatosha. Kwenu nasema: weka kipimo, soma namba, washa taa na feni, soma tena. Gari likiwa limelala usiku kucha, weka kiganja juu ya altaneta asubuhi. Ikiwa na joto, diodi inavuja. Hakuna makofi katika namna hii. Mteja anaona mwanamke ameinama tu.

Siku ya pili baada ya kulivuta lile sanduku, nilikwenda kwa Papa Deo kabla ya kwenda popote. Mke wake alinifungulia, akanitazama, akaingia ndani bila kusema karibu. Papa Deo alitoka akiwa na koleo tayari.

"Ni kazi gani, Mama?"

Nikamwambia yote pale mlangoni. Waya, namba, diodi, herufi. Sikumficha kitu. Alisikiliza akiwa ameegemea koleo.

"Kwa hiyo ni mukono yako."

"Ni mkono wangu."

"Mara tatu."

"Mara tatu."

Kuku walipita kati yetu. "Na miye nilikuwa napiga makofi," akasema.

Aliingia ndani, akarudi amevaa shati lililopigwa pasi. Tukaenda kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, kama watu wasiojuana wanaokwenda upande mmoja.

Jestionere alikuwa ofisini. Niliweka altaneta moja juu ya meza yake, juu ya karatasi zake, nikarudia maneno yote. Alivua miwani.

"Mama Masi, ukisema hivi, nani atakuletea gari?"

"Wataamua wenyewe."

"Ngoja. Tufanye vizuri." Alishusha sauti, ingawa Papa Deo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. "Tuandike altaneta zilikuwa mbaya tangu kwa muchuuzi. Papa Deo anarudi kazi, weye unabaki na jina yako, siye tunabaki na amani. Hakuna mutu anapoteza."

Nakiri kwamba nililitamani. Lilikuwa jambo dogo, la mstari mmoja. Ningerudi kwenye kiti changu kabla ya saa sita. Nikamtazama Papa Deo, na alikuwa ananitazama, bila hasira, kama mtu anayesubiri kuona kama gari litawaka.

"Ukiandika hivyo," nikasema, "watu watasema kituo kilimhurumia. Watasema aliiba na mkamfunika. Andika: fundi alitoa waya ya batri, injini ikizunguka, mara tatu. Andika jina yangu."

Jestionere akaandika kwa Kifaransa, polepole. Nikasoma, nikatia sahihi. Akafungua droo, akautoa ufunguo wa jipu, akausukuma juu ya meza.

"Papa Deo, tusameheane. Ilikuwa haraka. Kuanzia lundi, wiki ikianza, unarudi."

Papa Deo hakuugusa.

"Uliniita mwizi uwanjani, Shefu. Hapa ni ofisini."

"Nitasema. Lundi, kwenye mukutano."

"Leo wako wote. Ni siku ya chanjo."

Jestionere alinitazama mimi, kana kwamba bado nilikuwa na neno la kuuza. Sikuwa nalo. Akavaa miwani, akachukua karatasi ile yenye sahihi yangu, akachungulia dirishani, akamwita nesi mkuu kwa sauti awakusanye watu barazani. Kisha akatoka mwenyewe kwa mlango wa nyuma kuelekea barazani, akiwa anaisoma tena karatasi.

Tukabaki wawili. Nje tulisikia viti vikivutwa, watoto wachanga, mtu akiuliza kuna nini.

"Ile ya nne," Papa Deo akasema, "utaifunga weye?"

"Ukitaka."

"Nataka. Unajua kufunga. Lakini ile waya, usiiguse."

"Sitaigusa."

"Na miye sitapiga makofi." Nusura atabasamu. Akaokota ufunguo, akaupima uzito kiganjani, akautia mfukoni. Nami nikasimama, nikavuta kitambaa changu mabegani ili tutoke pamoja. Nilikuwa nimejiandaa kusimama uwanjani pembeni yake. Nilikuwa hata nimechagua maneno.

Akainua mkono, akanizuia kwa upole.

"Hapana, Mama. Weye ubaki kwanza. Siku ile nilisimama pale peke yangu. Na leo nataka wanione peke yangu."

Nikakaa. Alinyoosha kola ya shati, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafunga.